Bibi Yangu Haniiti Tena "Mume Wangu"

Haya njoo, msomaji wangu, Sikio Langu, vuta kiti. Wewe ambaye kila wiki unanilalamikia kwamba barua za mapenzi zimekuchosha, fulani kamkimbia fulani na sofa, leo nimekuletea ya mume aliyeachwa na mke mwenye mkongojo. Usicheke kwanza. Na mimi nilianza kwa kucheka, nilipofika katikati nikaiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Isome kama alivyoiandika, sijagusa kitu isipokuwa kumwongezea nukta, maana alizokuwa nazo hazikumtosha.

*

Mpendwa Dada mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni kijana, ni fundi simu, ufundi wenyewe sikusomea popote nilijifunza kwa kuharibu simu za watu, na tatizo langu ni kwamba bibi yangu mzaa baba ameniacha, yaani si kwamba amefariki, hapana, yupo, mzima, ameniacha kama mke anavyomwacha mume, na kosa ni langu.

Unaujua utani wa bibi na mjukuu, Dada, tangu niko mdogo yeye ananiita mume wangu na mimi namwita mke wangu, ndiyo salamu yetu, nikitoka shule anauliza mume wangu umeniletea nini leo, namwonyesha kidonda cha goti, anasema jamani niliolewa na mume gani huyu, wenzangu wanaletewa sukari mimi naletewa vidonda. Ni yeye aliyenilea, mama alifariki mapema na baba alikuwa mtu wa safari, na bibi alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, nyumba yetu nzima ilikuwa vipande vya kitambaa cha bluu, hadi kwenye uji unakuta uzi.

Miguu ilipoanza kumsumbua, shangazi yangu, yaani binti yake, akamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee ya kanisa. Ni ndogo tu, veranda moja ndefu yenye viti vya plastiki, vyumba vimepakana na kati ya chumba na chumba ni ubao, siyo ukuta, na kuna ukumbi ambao asubuhi ni wa chai na Jumapili ni kanisa, wanasogeza meza tu. Ni watu wema, matroni wa pale ana sauti ya kuamrisha jeshi lakini kucha za wazee anazikata kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nikaahidi, mke wangu, kila Jumapili utaniona. Na nilikuwa nakwenda Dada, hiyo usininyime, mvua jua nilikuwa nakwenda.

Shida ni kwamba mimi kukaa sehemu moja siwezi, nawashwa, na bibi ameanza kurudia maneno. Anauliza umekula, najibu nimekula, anakunja pembe ya blanketi, anauliza umekula. Na hadithi yake imebaki moja, kwamba nilipokuwa mchanga nilikuwa nalazwa kwenye kapu la vitambaa chini ya cherehani, na ule mlio ndio ulikuwa unanibembeleza, ukikatika tu naangua kilio, kwa hiyo hata kazi ikiisha yeye anaendelea kukanyaga, hakuna uzi, hakuna nguo, cherehani tupu, miguu inakwenda tu, ili mume wake asiamke. Nimeisikia mpaka imeniingia kwenye damu, na kuna siku, Mungu anisamehe, alivyofika mwisho nikamalizia mimi, "ili mume wangu asiamke," haraka haraka ili iishe. Akaniangalia. Akasema, "Kumbe unaijua."

Sasa chumba cha jirani anakaa bibi mmoja wanamwita Bibi Simu, alifanya kazi ofisi ya simu enzi zile ukitaka kumpigia mtu lazima kuna mwanamke mahali fulani akuchomekee waya. Ndiye huyo mwanamke! Siku ya kwanza aliniita nimtazamie redio yake inakoroma, nikaifungua, ilikuwa vumbi tu, na nikawa nimeingia Dada, nikawa sijatoka. Huyu bibi alisikia mambo ya mji mzima. Ananiambia, "Fundi, kulikuwa na bwana mmoja mkubwa mkubwa, kila Ijumaa anampigia mkewe, mpenzi niko safarini kikazi, huku kubaya, barabara zimekatika. Na mimi nimeshika waya mkononi naona kabisa unatoka mtaa wa pili!" Anasimulia huku anachomeka vidole hewani, chomoa hapa, chomeka pale, "Subiri bwana, nakuunganisha!" Mimi fundi simu, jamani. Nilicheka mpaka nikaupiga ubao ngumi. Ule ubao. Na upande wa pili bibi yangu amelala ananisikia.

Ikawa ndiyo mtindo. Nafika kwa bibi, shikamoo mke wangu, marahaba mume wangu, umekula, nimekula, nampangia mto, halafu namwambia wacha nikamtazamie jirani redio yake. Redio ilishapona zamani. Jioni narudi kuchukua kofia yangu, bibi anauliza, "Imepona?" nasema, "Bado kidogo." Hakuwahi kunung'unika hata mara moja. Ila siku moja nikiwa mlangoni aliniuliza, "Na mimi nikianza kukoroma, utanifungua unifute vumbi?" Nikacheka, nikadhani ni utani wetu ule ule, nikaondoka.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Pale wana utaratibu wao, mara moja kwa mwezi ni Jumapili ya wageni, baada ya wimbo wa mwisho yule mzee anayeongoza ibada, ni mwalimu mstaafu naye anaishi hapo hapo, anawasimamisha wageni mmoja mmoja kila mtu aseme amemfuata nani, na aliyefuatwa naye anasimama, watu wanapiga makofi. Basi, ni hilo tu. Lakini Dada kwa wale wazee hiyo ndiyo sikukuu, wanaanza kunyoosha nguo tangu Ijumaa, na ambao hawakufuatwa wanainamia vitabu vya nyimbo kana kwamba kuna wimbo wanautafuta.

Basi Jumapili hiyo nikaingia nimechelewa, nahema, zamu ikanifikia. Mwalimu akasema, "Na wewe kijana, umemfuata nani?" Mimi nikapaza sauti, "Nimemfuata mke wangu!" Ukumbi ukalipuka. Na kabla bibi yangu hajafanya chochote, Bibi Simu aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akanyoosha mkono, "Niko hapa mume wangu, nakuunganisha!" Wazee wanajipiga mapaja, mmoja anapiga kelele, "Ana wawili huyo! Nyuma kuna mwingine!" Na mwalimu naye akajifanya mkali, akasema, "Kijana, hii ni nyumba ya Kikristo, mke ni mmoja. Chagua."

Dada, nilikuwa nimelewa kicheko. Watu wote wananiangalia, wazee waliokuwa wamesinzia wameamka kwa ajili yangu. Nikasema, "Basi nachukua huyu wa mbele, yuko karibu!"

Makofi, vicheko, matroni anafuta machozi kwa aproni. Nikageuka nyuma ili nicheke na bibi yangu. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa kipya, cha bluu, amekishona mwenyewe kwa mkono. Amejinyanyua nusu, mkono mmoja kwenye mkongojo, mwingine kwenye bega la mtu wa mbele yake, yuko katikati, hajasimama hajakaa. Akabaki hivyo kidogo. Halafu akajishusha polepole, akachukua kitabu cha nyimbo.

Nikamfuata chumbani nikamwambia mke wangu, umekasirika? Ulikuwa utani tu.

"Sijakasirika," akasema. "Karibu mgeni. Kiti cha wageni ni hicho."

Toka siku hiyo mimi ni mgeni. Karibu mgeni, asante mgeni, wageni msichelewe kwenu. Nimemletea shali, asante mgeni. Nimemletea keki laini asiyohitaji kuitafuna, akaigawa veranda nzima, "Chukueni, kaleta mgeni." Nikapiga magoti nikasema bibi kama nimekukosea nisamehe, akasema wageni hawapigi magoti, utachafua suruali. Haniulizi kama nimekula. Nilimwomba, nikasema niambie ile ya cherehani, akasema ipi, nikasema ile ya kapu, akasema hiyo nimeisahau. Hajaisahau Dada! Wiki hiyo hiyo alimsimulia matroni akiwa anamkata kucha, matroni ndiye aliyeniambia, eti hadithi tamu hiyo, kumbe wewe ulikuwa mtoto wa namna hiyo.

Na sasa shangazi amenipigia, anasema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua bibi akakae naye, huko ni safari ya siku nzima kwa basi. Nikasema shangazi kwa nini, hapa si ana watu? Shangazi akasema, "Mama anasema hapo hana mtu." Nikasema jamani na mimi ninayekuja kila Jumapili? Akasema, "Anasema huyo ni mgeni wa jirani."

Dada, sikulala vizuri siku hiyo na hata leo bado.

Na upande wa pili kuna Bibi Simu. Chumba chake nimeacha kuingia. Huyu hana mtoto, hana mjukuu, Jumapili za wageni alikuwa wa kuinamia kitabu mpaka nilipotokea mimi, na simlaumu kwamba alinyoosha mkono. Jumapili iliyopita nimekaa kwenye kiti cha wageni, bibi ameangalia dirishani, nikasikia ubao unagongwa taratibu. "Fundi? Fundi, uko hewani?" Bibi yangu hakugeuka, alisema tu, "Mgeni, unaitwa."

Imebaki Jumapili moja ya wageni kabla ya shangazi kuja. Nimwache Bibi Simu, mzee wa watu, ili bibi yangu anirudie? Nimzuie shangazi? Nifanye nini ili aniite tena lile jina? Maana nimegundua hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo na hatatokea.

Ni mimi,
Mgeni.

*

Mdogo wangu fundi,

Kwanza pole. Pili, wewe ni mjinga, na nakwambia kwa upendo, kwa sababu barua yako imenikamata pabaya kuliko nilivyotaka.

Hebu tuanze na hili neno lako, "ulikuwa utani tu." Lifute. Bibi yako nyumba ameiacha, cherehani ameiacha, miguu imemwacha yenyewe. Anaishi kwenye chumba chenye ukuta wa ubao, na cheo kilichobaki mkononi mwake ni kimoja, ni mke wa fulani. Cheo cha kuchekesha, sawa, lakini kilikuwa chake, mlikipika wenyewe miaka yote. Wewe ukakitoa zawadi mbele ya kanisa zima kwa sababu watu walikuwa wanacheka. Tena ukatoa na sababu: "yuko karibu." Mtoto wewe! Bibi yako alikaa nyuma kwa sababu ya miguu. Miguu ile ile iliyokanyaga cherehani tupu ili wewe ulale. Na ulipotamka hilo neno alikuwa anajinyanyua juu ya miguu hiyo hiyo.

Nimemaliza kukupiga hapo. Sasa nakupiga pengine.

Yule bwana mkubwa wa kwenye hadithi ya Bibi Simu, anayempigia mkewe kusema yuko safarini na waya unatoka mtaa wa pili, ulimcheka mpaka ukapiga ubao. Na wewe ulikuwa unamwambia mkeo redio bado kidogo, na kicheko chako kinatoka chumba cha pili! Kwenda kwa jirani halikuwa kosa. Mzee aliye peke yake kutembelewa ni jambo jema, ungemwambia tu bibi yako, "Mke wangu, jirani yako ana vituko, twende wote." Angenuna kidogo, angekutukana kidogo, angevaa kandambili mkaenda. Ulichagua kumdanganya mtu anayesikia kila kitu.

Kwa hiyo Bibi Simu usimwache. Ukimwacha sasa utakuwa umewaumiza wawili badala ya mmoja, na bibi yako hatakushukuru kwa hilo, ndiyo maana alikwambia "unaitwa." Kamweleze ukweli wote, mlango ukiwa wazi, sauti ya kawaida, ubao usikie. Huyo mama amesikiliza ndoa za mji mzima zikivunjika na kupatana, hatashangaa. Mwambie, "Bibi, nilikutumia kumkimbia bibi yangu, naomba uningoje kwanza." Atakungoja. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasubiri.

Kisha nenda kwa bibi yako siku ambayo si Jumapili. Siku ya wageni anakuja mgeni, wewe nenda siku ya kufua. Shali iache, keki iache, chukua suruali yako iliyofumuka mshono, na usiifumue makusudi, najua mafundi simu wote mna suruali ya namna hiyo. Mpe. Akisema macho hayaoni tundu la sindano, mtilie uzi. Akiuliza umekula, jibu kama ndiyo mara ya kwanza kuulizwa duniani, sema umekula nini, kilikuwa na chumvi au hakina. Yule anayekuuliza umekula mara kumi anatafuta njia ya kukushika kichwa na mikono haifiki. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Hadithi ya cherehani usimwombe tena. Mhadithie wewe. Polepole, na ile kasi yako ifunge kamba. Anza na kapu, rangi ya vitambaa, mlio, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, uzi umeisha, nguo imeisha, miguu bado inakwenda. Ukifika pale kwenye "ili," nyamaza. Hapo ndipo ulipomnyang'anya, na hapo ndipo unapomrudishia. Akimalizia, shukuru. Asipomalizia, usimalizie wewe, hata kama mtakaa kimya mpaka matroni aje kufunga madirisha.

Jumapili ya wageni ikifika, wahi. Mwalimu akikuuliza umemfuata nani, utani uache nje na viatu vyenye matope. Usiseme mke wangu. Hilo jina si lako tena kulitumia, ni lake kulirudisha, na anaweza asilirudishe. Taja jina lake lote, sema ni mama mzazi wa baba yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenilea, nimemfuata yeye. Na ubaki umesimama. Watu watasubiri makofi, mwalimu atakohoa, wewe simama. Umpe kila dakika anayoihitaji kunyanyuka, na kama ameamua kukaa, simama hivyo hivyo ajue kuna mtu aliyemsubiri bila kuangalia saa.

Shangazi usimzuie. Anamchukua mama yake, ana haki, na huenda bibi yako kweli anataka kwenda. Akienda, panda basi. Siku nzima, sawa, una simu za watu za kutengeneza, sawa, panda. Ulipokuwa ukimtembelea kwa hatua chache ulikuwa na haraka ya kuondoka. Tuone ukimtembelea kwa safari ya siku nzima utakuwa na haraka gani.

Sikuahidi kwamba utaitwa tena lile jina. Ningekuahidi ningekuwa naongea kama wewe ulivyoongea ukumbini, kwa ajili ya makofi. Kuna vitu ukivifungua havifungiki vizuri tena, wewe fundi unajua, kinabaki kidude kimoja mkononi hujui kilikaa wapi. Lakini mtu aliyejishonea kitambaa cha bluu kwa mkono, na macho yale ya uzee, kwa ajili ya kusimama kidogo tu akifuatwa, huyo mimi siamini kama amefunga mlango kwa kufuli. Ameuegemea.

Haya Sikio Langu, mimi nimemaliza, sasa zamu yako, na usinijibu kwa haraka. Kaa wewe kwenye kile kiti cha nyuma. Kitambaa kipya kichwani, miguu haiaminiki, kitabu cha nyimbo mapajani. Kule mbele kijana wako amesimama, amelitaja jina lako lote, hacheki, hakai, ukumbi mzima umenyamaza na umekugeukia. Mkongojo uko hapo pembeni. Ungefanyaje?